Herufi za Ghala Ziliishia M

Wapendwa mnaonisoma, Bwana apewe sifa zake!

Naitwa Yohana, mzaliwa wa Kigoma. Shule niliiacha darasa la pili, na tangu hapo miguu haikutulia. Nilitaka kujua kila mji una nini. Lusaka, Harare, Maputo, hatimaye Durban, miaka ya tisini ikielekea ukingoni.

Nilipata kazi katika ghala moja kule Clairwood. Safu za mizigo zilikuwa na herufi kubwa zilizopakwa rangi ukutani, kuanzia A hadi M, na kila rafu ilikuwa na namba yake. Msimamizi akiita, “F, arobaini na mbili!” mimi nimeshafika. “Sharp, Yohana!” ananisifu. Kazini nilikuwa msomi, ndugu zangu! Ghala lingekuwa kubwa zaidi, labda ningezijua herufi zote.

Lakini jioni nilirudi mtaani Albert Park, kwenye kona yangu nyuma ya pazia, katika fleti iliyojaa watu. Huyu anasoma barua ya mkewe, yule gazeti. Mimi natazama dari. Herufi za baada ya M sikuzijua, na zile ndogo zilikuwa kama sisimizi. Upweke ule sitamwombea adui.

Jumapili alasiri tulisali nyumbani kwa Mama Bahati, msusi kutoka Bukavu aliyekaa jengo lile lile. Desturi yetu ilikuwa kuketi mduara, kila mtu asome mstari mmoja. Kiongozi akitaja Zaburi, mimi ndiye wa kwanza kufunua: Zaburi iko katikati ya Biblia, na namba ndizo kazi yangu. Zamu yangu ikikaribia, nainuka kwenda kuangalia chai. Wakadhani ni unyenyekevu!

“Huyu askofu wetu,” Baba Kasongo, naye Mkongo, alisema siku moja, “Biblia yote iko ndani ya kichwa yake! Jumapili inayokuja yeye njo atatusomea Neno.”

Watu wakapiga makofi.

Nikafunga begi. Ndivyo nilivyotoka Lusaka, ndivyo nilivyotoka Harare. Watu wakianza kunipenda, wanaanza kunipa karatasi nisome. Jumamosi asubuhi niliomba, “Bwana, nifungulie mji mwingine.” Bwana hakunifungulia mji. Alimleta Mama Bahati, akipanda ngazi na mfuko wa unga wakati mimi nashuka.

“Weye, unaenda wapi na hiyo saki?”

“Nasafiri, Mama.”

“Tulikukosea nini?”

Ndugu zangu, miji yote niliyoiacha, hakuna aliyeniuliza hivyo. Machozi yakanitoka. Nikamwambia, “Mama, sijui kusoma. Najua namba, na herufi za ghala tu.”

Akautua mfuko, akaketi pale pale ngazini.

“Eish, Yohana! Na sisi tulikuwa tunakuogopa. Rudisha begi. Kesho uje, hata kama ni kwa kusikiliza tu.”

Kesho yake nilisimama mbele yao, nikasema ukweli wangu. Kisha Baba Kasongo akakuna kidevu: “Basi, askofu, darasa la tatu linaanza leo. Karibia hapa kwangu.” Wakacheka, nami nikacheka, na kifua kikafunguka. Haleluya! Roho ya kukimbia ilinitoka siku ile, na haijarudi.

Baba Kasongo alinifundisha kila alipotoka kazini. Leo zamu yangu ikifika sinyanyuki. Nasoma polepole mno, neno moja moja, nakwama, narudi nyuma. Mduara mzima unaningoja.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama yule. Nawe msomaji, au wewe unayesomewa haya na mwenzako, kama umeshafunga mizigo kwa sababu ya aibu, mtumaini Yesu. Ukisikia mtu anakuuliza unakwenda wapi, simama, umjibu. Amina.