Chibalonza Espérance na Matabaka Kumi na Mawili ya Neti

Chwaa. Hivyo ndivyo neti ngumu inavyolia mkasi unapoipita, na kwa miaka kumi hiyo ndiyo sauti iliyotuamsha kila Jumamosi asubuhi katika nyumba yetu ya Ingleburn, Sydney: mkato mmoja mrefu, bila kusita, kutoka ukingo huu wa meza ya chakula hadi ukingo wa pili. Aliyeushika mkasi ndiye tunayemsindikiza leo, Ijumaa, tarehe 8 Oktoba 2021, sisi kumi tulioruhusiwa kusimama hapa kaburini, pamoja nanyi mnaotufuata kwa simu.

Marehemu Chibalonza Espérance alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Kadutu, Bukavu, mtoto wa tatu wa fundi viatu na muuza vitenge. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alipoanza kutambaa, alitambaa hadi kwenye pindo la sketi za wageni, akaligeuza, akatazama upande wa ndani.

Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Kadutu hadi mwaka 1973, kisha akaingia shule ya ufundi ya wasichana, akapata cheti cha ushonaji mwezi Juni 1979. Kwenye ripoti yake ya mwisho mwalimu aliandika: “Anashona vizuri. Anaongea sana.” Yote mawili yalibaki kweli.

Alikuwa tayari anashona magauni ya harusi pale Bisimwa, dereva wa kamyo, alipomletea turubai lililochanika. “Mimi nashona mabibi harusi,” Chibalonza akamwambia, “makamyo peleka kwa wenzako.” Kesho yake Bisimwa alirudi na turubai lilelile, amevaa shati jeupe. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 katika parokia ya Kadutu, bibi harusi akiwa ndani ya gauni alilolishona mwenyewe, na Mungu akawajalia Ange, Bruno na Juvénal. Vita viliwatoa Bukavu mwezi Oktoba 1996. Juvénal alizaliwa na kuzikwa katika kambi ya Nakivale, Uganda, kabla hajatimiza miaka miwili. Chibalonza hakumtaja mara nyingi, lakini kila mtoto aliyemshonea nguo alimwachia akiba kubwa kwenye pindo. “Atakua,” alikuwa akisema.

Familia iliwasili Sydney tarehe 17 Septemba 2008. Bisimwa alirudi kwenye usukani, akabeba makontena ya bandari ya Port Botany. Chibalonza alipanga maboksi ghalani kwa miaka miwili na nusu, hadi mwezi Mei 2011 alipoitwa kujaribiwa katika karakana ndogo ya mavazi ya jukwaani. Msimamizi wake, Bi Cheryl, ambaye yuko nasi leo, alimpa kipande cha neti, akamwomba akitie marinda kwa mkono. Chibalonza alidhani wanashona vyandarua. Kambini alikuwa ameziba matundu ya vyandarua vingi sana, basi akatia marinda haraka, madogo na sawasawa, kisha akauliza kitanda kina upana gani. Bi Cheryl alicheka hadi akakaa chini. Halafu akamwonyesha tutu, ile sketi ya wacheza baleti.

Kuanzia siku hiyo hakutaka kushona kitu kingine. Alijifunza kwamba karibu miaka mia mbili iliyopita, kule Paris, sketi hizi zilikuwa ndefu, nyepesi kama ukungu, zikifika chini ya magoti, kwenye vigimbi. Wachezaji wakazidi kufanya mambo magumu kwa miguu, watu wakataka kuyaona, na sketi ikapanda kizazi baada ya kizazi hadi ikatoka kiunoni kwenda pembeni kama sahani. Alijifunza kuipanga: matabaka kumi, kumi na mawili, fupi kabisa chini karibu na paja, refu kabisa juu, yote yakishonwa kwenye chupi, waya mwembamba wa chuma katikati, kisha bandi, yaani mishono mirefu ya uzi uliolegea, kuyafunga matabaka pamoja. Uzi ukikazwa, sketi inakufa. Ukilegea mno, inalala. Kazi ya saa mia na zaidi kwa dakika chache za kucheza.

Kanisani habari zilifika. Mama Libère, rafiki yake mpendwa, alikuja nyumbani kujionea.

“Mama Ange, hii nguo kitambaa kilikuishia?”

“Hakikuniishia. Iko mita kumi na tatu humo.”

“Mita kumi na tatu! Na mapaja yanaonekana?”

“Ndiyo. Zote zimeenda pembeni, hakuna iliyoenda chini.”

Mama Libère alisali kwanza, kisha akaomba kuivaa. Picha ipo, lakini familia imeahidi kutoichapisha.

Jambo moja tu lilimkera kazini. Utepe wa begani uliletwa ukiwa umeandikwa kuwa ni wa rangi ya ngozi. “Ngozi ya nani?” aliuliza, akauchukua nyumbani, akauchemsha katika chai kavu ya rangi hadi ukafanana na mkono wake. Baada ya hapo karakana ilikuwa na sufuria yake ya chai, na hakuna aliyeruhusiwa kuinywa.

Mwezi Novemba 2020 aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo. Dawa zilimsaidia kwa muda, lakini zilichukua vidole vyake. Ncha zilikufa ganzi, na kufikia Juni 2021, jiji lilipofungwa kwa ajili ya korona, sindano ilimdondoka bila yeye kujua. Hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu alikuwa na ahadi. Jacky, binti wa miaka kumi na sita wa jirani yetu Jerusha, muuguzi wa hospitali ya Westmead, alitakiwa kutuma video ya mchezo wake kwenye shule ya baleti ya Melbourne kabla ya tarehe 30 Septemba, na Chibalonza alikuwa amempa neno lake: tutu ya kwanza iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wake, yenye utepe wa rangi ya bega lake. Karakana ilikuwa imefungwa. Bi Cheryl aliishi mbali kuliko tulivyoruhusiwa kusafiri. Matabaka yalikuwa yamekatwa na kulala mezani.

Bisimwa alitoka zamu yake bandarini, akanawa mikono hadi viwikoni, akaketi. “Niambie,” alisema.

Mwanamume huyu hakuwahi kushona hata kifungo. Watoto waliokuwa wakipiga simu za video walishuhudia shule hiyo.

“Unavuta uzi kama kamba ya kamyo, Baba Ange.”

“Kamba ya kamyo haijawahi kunifungukia.”

“Basi kamfunge Jacky kwenye kontena, umpeleke Melbourne. Fumua.”

Kwa kuwa vidole vyake havikuhisi, Chibalonza alilikagua kila rinda kwa shavu. Alifunga macho, akapitisha neti usoni, na mumewe akasubiri kama mwanafunzi. Tabaka la sita lilifumuliwa mara nne. Bruno alipomtania baba yake kwamba sasa ni fundi wa chupi, Bisimwa alijibu bila kuinua kichwa: “Wewe ungeweza?” Waliendelea hivyo wiki tisa. Utepe aliuchemsha Chibalonza mwenyewe, kwani kutazama rangi hakuhitaji vidole.

Mama yetu alifariki nyumbani kwake, Jumapili, tarehe 3 Oktoba 2021, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini. Ameacha mume, Bisimwa, watoto, Ange na Bruno, wajukuu watatu, mdogo wake, Mushagalusa, aliye Bukavu na anayetutazama sasa hivi, na Bi Cheryl, aliyemwita dada. Mwenyezi Mungu amlaze mahali penye utulivu, na mikono yake ipate kuhisi tena.

Mumewe ameomba tusimalizie hapo, bali kwa Jumamosi ya tarehe 25 Septemba. Jibu la shule bado halijaja, kwa hiyo hatuwezi kuwaambia kama Jacky amechukuliwa. Tunaweza kuwaambia tulichokiona. Chibalonza alikalishwa kwenye kiti mlangoni mwa gereji, blanketi miguuni. Jerusha alimfunga binti yake kulabu za mgongoni moja baada ya nyingine, kisha Jacky, akiwa na barakoa, akapanda juu ya ubao tuliolaza kwenye njia ya gari. Bisimwa hakuweza kutazama. Aliitazama mikono yake mwenyewe. Jacky alizunguka mara moja, mara mbili, mara tano, akasimama ghafla, na ile sketi ikatikisika kidogo pembeni yake, ikatulia, tambarare pande zote. Chibalonza alimvuta mumewe sikio, kwa sababu sauti ilikuwa imebaki ndogo sana, akamwambia:

“Imekaa.”