Maganda Niliyoyaosha

Nawasalimu kwa jina la Bwana, ndugu zangu. Asifiwe yeye aliyetuamsha sote asubuhi hii. Na kama umekuja umechoka na huna nguvu ya kuitikia, kaa tu usikilize, mimi nitaitikia kwa niaba yako.

Naitwa Damari. Wengi wenu hapa Kilosa mnanijua kama mtoto wa yule mama anayeuza nyanya na kabichi sokoni. Ushuhuda huu nimeuandika kwenye karatasi kwa sababu nikisimama bila karatasi naanza kusahihisha maneno kabla hayajatoka mdomoni, na tutakaa hapa mpaka jioni.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa naogopa kukosea, na si kuogopa kwa kawaida. Shuleni nilichana ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Nyumbani ugali ukitoka na donge nilikuwa naumwagia kuku na kuanza upya, huku mama analalamika kwamba watu wana njaa. Kwaya niliacha kwa sababu siku moja niliingia kabla ya wenzangu kwenye ubeti wa pili. Hakuna aliyenisema. Nilijisema mwenyewe kwa miezi. Kifua kilikuwa kinabana muda wote, kama mtu amenifunga kanga akakaza fundo. Nilisali, lakini hata sala niliirudia nikidhani sikuipanga vizuri.

Baada ya kidato cha nne nilikaa mwaka mmoja Mikumi kwa shangazi yangu, ambaye ana mgahawa kando ya barabara kuu. Kazi yangu ilikuwa kumwaga mabaki: maganda ya ndizi na viazi, wali uliobaki kwenye sahani, mboga zilizonyauka. Nyani walikuwa wanatungojea nyuma ya jiko kama wateja wa kila siku. Nikawa najiuliza kama chakula chote hiki hakina kazi nyingine. Nikatafuta kwenye simu, nikakuta video za watu wanaotengeneza mboji, ile mbolea inayotokana na vitu vilivyooza. Sikuwa na mwalimu. Niliandika kila kitu kwenye daftari, vichwa vya habari nikavipigia mstari kwa rula. Niliporudi Kilosa nilikuwa naijua mboji yote ya dunia, isipokuwa ile ya kushika kwa mkono.

Sasa, mnaijua bustani iliyoko nyuma ya kanisa. Akina mama wanalima pale mboga za wazee wasiojiweza. Mafuriko yalipokuja yalikomba udongo wa juu, ukabaki ule mwekundu mgumu, unapiga jembe linaruka. Akatokea mtu anayefyatua matofali akaomba eneo lile, maana udongo wa namna ile kwa matofali ni mzuri sana. Na eneo likishachimbwa matofali linabaki mashimo. Wazee wasingeona mboga tena kutoka pale. Nikaenda kwa mwenyekiti wa akina mama, Mama Yohana, nikamwomba matuta matatu nijaribu mboji.

"Wewe nakujua, Damari," akasema. "Kuandika unaandika vizuri. Kulima je?"

"Nitaweza, mama."

"Haya. Nakupa mpaka Sikukuu ya Mavuno. Siku hiyo ukileta mchicha madhabahuni kutoka kwenye matuta hayo, bustani inabaki. Usipoleta, yule wa matofali anaanza Jumatatu."

Nilikusanya masalia ya sokoni jioni ile ile. Na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoingia kazini. Nyanya iliyooza niliitupa. Kabichi yenye funza niliitupa. Nilichagua maganda mazuri tu, nikayaosha kwa maji mawili, nikayaanika kwenye mkeka, nikayakata kwa kisu yalingane, ndipo nikayapanga safu kwa safu. Mama alisimama mlangoni akanitazama kwa muda.

"Damari, unataka yaoze au unawapikia wageni?"

"Mama, ukiweka uchafu utapata uchafu."

"Haya, mwanangu. Mimi ni muuza nyanya tu."

Kila asubuhi nilifunua lundo kuona kama limeanza kuiva. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya tatu hakuna kitu. Wiki ya sita ganda la ndizi lilikuwa bado ni ganda la ndizi, kavu, safi, unaweza kulirudisha kwenye ndizi yake. Ndipo Mama Yohana akatangaza kwamba Jumamosi akina mama wote watakuja kuiona mboji ya Damari.

Ndugu zangu, kitu nilichofanya Jumamosi ile ndicho ninachokiungama leo. Alfajiri nilichukua ndoo mbili nikashuka kando ya mto Mkondoa, pale maji yanapopungua na kuacha tope jeusi laini. Nilibeba ndoo baada ya ndoo. Nikaficha maganda yangu, nikamwaga udongo wa mto mahali pake, na juu nikatupia maganda machache ya vitunguu ili ionekane ndiyo yaliyochelewa kuoza.

Akina mama walikuja. Mama Yohana akachota kiganja kizima akanusa, akasema, "Jamani, nuseni wenyewe. Hii ndiyo mbolea." Wakapiga vigelegele. Wakaniomba niwafundishe, nami nikawafundisha kutoka kwenye daftari langu: osha, anika, kata, panga. Niliongea vizuri sana. Walinisifu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kifua kililegea. Naungama na hilo. Uongo ulinipa raha ambayo ukweli haukuwahi kunipa.

Tukamwaga ule udongo kwenye matuta, tukasia mchicha. Ukaota, kisha ukaacha kukua. Udongo wa mto ukimwagiliwa na kupigwa na jua unashikana kama sakafu, na miche ilikuwa imebanwa shingoni, ya njano, imeinama. Akina mama walipouliza nikasema ni jua kali.

Sasa niwaeleze habari za Mama Kulwa. Anaishi upande wa Rudewa. Watu wake walitoka kanda ya ziwa na ng'ombe zao, na kanisani alikuwa anakaa benchi la mwisho. Sitaficha kwamba sisi na watu wa kule tulikuwa na maneno. Ng'ombe waliwahi kuingia shamba la mahindi la baba yangu mdogo, na hatukujua ni wa nani, ila kwetu ng'ombe wote walikuwa ni wa akina Mama Kulwa. Sikuwahi kukaa naye tukaongea. Siku moja akaja gengeni kwetu, mtoto mgongoni, akainama karibu ili wengine wasisikie.

"Damari, mdogo wangu, nina swali la aibu kidogo."

"Uliza tu, Mama Kulwa."

"Mboji yangu haiozi. Naosha kama ulivyotufundisha. Kisima kiko mbali, na ndoo nzima inaishia kwenye maganda. Wenzangu nawaogopa kuwauliza. Nimekosea wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hapakuwa na mtu mwingine zaidi ya mama yangu aliyekuwa anapanga nyanya. Nikamtazama Mama Kulwa usoni nikamwambia, "Labda huoshi vizuri."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Inawezekana. Nitarudia." Kisha akanishukuru. Ndugu zangu, alinishukuru.

Alipoondoka mama hakugeuka. Akasema tu, "Yule mwanamke atachota maji tena kwa sababu yako." Mama alikuwa anajua kila kitu. Ndoo za mto niliziosha lakini tope lilibaki chini ya mishikio.

Nilikuwa nimezoea kujitesa mwenyewe kwa makosa, na nilidhani hilo ni jambo langu peke yangu. Siku ile nilimwona mtu mwingine amebeba aibu yangu anaondoka nayo mgongoni pamoja na mtoto wake. Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Rudewa. Njia nzima nilipanga maneno, utangulizi, katikati na mwisho. Nilipofika yote yakapotea.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba. Umekuja kukagua?" Akaanza kufagia haraka haraka.

"Hapana. Nilikudanganya."

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama pale uwanjani: maganda, mto, vitunguu, mpaka lile neno la gengeni. Akaweka ufagio chini.

"Maji nimechota mimi," akasema. "Kwenda kuosha takataka."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi ndiye niliyekuwa nakuogopa wewe."

Hakucheka, wala sikustahili acheke. Akaokota ufagio akauegemeza ukutani. Kisha akasema, "Njoo. Kuna kitu nilikuwa nakificha, nikijua siku moja utakuja kukagua."

Akanizungusha nyuma ya zizi. Lundo la mboji alilolitengeneza kwa kufuata daftari langu lilikuwa pembeni, kavu kama la kwangu. Lakini karibu na uzio palikuwa na lundo jingine. Pale ndipo alipokuwa anatupa kila kitu nilichosema hakifai: nyanya zilizovuja maji, mboga zenye wadudu, makoko ya ugali, pamoja na mavi ya ng'ombe aliyofagia zizini, majivu na majani. Aliona aibu nalo. Lilikuwa linatoa mvuke.

Palikuwa na kijiti kimechomekwa ndani, cha kufungia ndama zamani. Akakichomoa akanipa. "Shika hapa." Kilikuwa cha moto. Nikaingiza mkono wangu mwenyewe mpaka kwenye kiwiko. Juu palikuwa na funza, na sikuutoa mkono. Chini, mahali palipokwisha kupoa, nikatoa udongo mweusi unaovunjika vidoleni, na haukunuka uozo. Mboji niliyoitafuta kwa rula ilikuwa imejitengeneza pale, katika vitu nilivyoamuru vitupwe.

Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Sikuanguka. Lakini fundo la kifuani lilifunguka, na nililia nikiwa nimepiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe na gauni langu la kanisani. Maana nilielewa. Miaka yote nilikuwa namletea Mungu maganda yaliyooshwa, na vyenye uozo nikivitupa nyuma ya nyumba nikidhani haendi kule. Kumbe kule ndiko alikokuwa anafanya kazi.

Mama Kulwa aliniacha nilie, kisha akasema, "Jumapili uwaambie akina mama mwenyewe. Sikusemei, na sikufichi."

Niliwaambia. Sikuwa na karatasi. Nilipomaliza Mama Yohana akasema, "Kumbe siku ile nilinusa mto." Wengine wakacheka. Mama mmoja alisimama akaondoka, na mpaka leo hajanizoea. Ana haki, na ninamwombea bila kumharakisha.

"Sikukuu imebaki wiki tano," akasema Mama Yohana. "Matuta yanarudi kwa kikundi. Mama Kulwa atasimamia. Wewe utabeba."

Nikabeba. Baba mdogo alitoa toroli lake tukavuta magunia kutoka Rudewa, na hakuuliza ng'ombe ni wa nani. Tulivunja ile sakafu ya udongo wa mto, tukachanganya mboji iliyokwisha kupoa, tukasia upya. Maganda yote yaliyooshwa na akina mama tuliyamwaga nyuma ya kanisa pamoja na samadi, yakaanza kupata moto baada ya siku chache. Nilipojaribu kuyasawazisha kingo, Mama Kulwa alinipigia kelele mbele ya watu: "Damari, acha kupamba. Geuza!"

Tuta moja lilikufa. Mawili yaliota. Asubuhi ya Sikukuu ya Mavuno nilianza kuchambua majani yenye matundu ili niyatoe. Mama Kulwa akanichukulia fungu mikononi akalifunga lilivyo. Tukalipeleka madhabahuni wawili, mimi upande mmoja na yeye upande mwingine. Mama Yohana akasimama akasema yule wa matofali aambiwe atafute udongo kwingine. Juma lile wazee walikula mchicha wa bustani yao.

Ndugu zangu, siwaambii kwamba siogopi tena. Wiki iliyopita niliamka kifua kimebana kwa sababu ya barua niliyoikosea tarehe. Lakini sasa najua pa kwenda na fundo hilo, na siendi nimejipanga. Namshukuru Mungu ambaye hakungoja nitengenee. Namshukuru mama yangu aliyesema sentensi moja na kuniacha nayo. Namshukuru Mama Kulwa, ambaye leo hakai tena benchi la mwisho.

Na wewe unayenisikiliza, labda una jambo ulilolifunika vizuri na watu wanalisifia. Labda kuna mtu anabeba lawama iliyo yako, na anakushukuru. Mtumaini Bwana katika hilo hilo. Usingoje kanisa zima, anza na mtu mmoja, yule uliyemkosea. Nenda wiki hii, hata kama maneno yatapotea njiani. Siahidi kwamba atacheka. Ninachokuahidi ni kwamba utakapofika uwanjani kwake, utamkuta Mungu amekutangulia. Amina.