Tembea Kwanza, Ndipo Upande: Maisha ya Mzee Mraba, Mchora Ramani za Maji

Kabla ya yote, liwekwe sawa hili la karatasi.

Karatasi iliyokutwa katika mfuko wa shati la marehemu siku alipofariki, yenye namba mbilimbili ndani ya mabano kwa mwandiko wa kike, si orodha ya nyumba za wanawake. Si viwanja alivyoificha familia yake. Wala si namba za mganga, kama alivyosema mtu mmoja ambaye yupo hapa na anajijua. Tangu Jumamosi yamesemwa mengi, na mengine yamesemwa na watu waliokuwa wameshika sahani za msiba huu huu. Karatasi ile ni ya nukta, kama zinazofundishwa shuleni katika somo la grafu, na mwandiko ni wa muuguzi wa wodi namba tano, ambaye amekuja leo na ameketi safu ya pili. Habari yake itafika mahali pake. Kwa sasa ianze ya mwanzo, maana marehemu mwenyewe alijifunza kwa jasho kwamba kuna cha kwanza na kuna cha pili.

Marehemu, ambaye jina lake kamili limo kwenye jalada lakini mji mzima ulimwita Mzee Mraba, alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake mkunga. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alipanda kabla ya kutembea. Watoto wa wenzake wakitambaa, wa kwake alikuwa juu ya kabati la vyombo. Akiwa na miaka minne alikutwa juu ya bati la jirani, akashushwa kwa ngazi ya fundi rangi. Alipoulizwa alipitia wapi, hakukumbuka njia. Alikumbuka tu kwamba alipanda. Tabia hiyo ilimtesa baadaye, kisha ikamletea heri kubwa kuliko zote.

Alianza shule ya msingi Januari 1957 na kumaliza sekondari Novemba 1968. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Aliweza kuchora mstari ulionyooka bila rula, na wenzake walimpa embe ili awachorie ramani za jiografia. Tatizo lilikuwa grafu. Kwenye grafu kila nukta ina namba mbili: ya kwanza inakwambia utembee hatua ngapi kwenye mstari uliolala, ya pili inakwambia upande hatua ngapi. Yeye alipanda kwanza. Mwalimu wake wa hesabu aliandika katika ripoti ya mwaka 1966, ambayo imehifadhiwa nyumbani kwenye bahasha: "Anachora kama mashine. Anasoma kinyume." Hata hivyo alifaulu, akajiunga na chuo cha uchoraji ramani kwa mwaka mmoja na nusu, akatoka na cheti cha daraja la kwanza. Cheti hicho kipo. Anayetaka kukiona aje nyumbani baada ya arobaini, avue viatu, akione.

Tarehe 3 Agosti 1970 aliajiriwa na idara ya maji. Alipewa meza karibu na dirisha, kiti kisichozunguka, na karatasi kubwa zenye miraba ambazo zilimpa jina lake. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kila bomba, kila valvu na kila kiungo kilichofukiwa chini ya mji, ili fundi akitaka kuchimba asichimbe kwa kubahatisha. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Marehemu alikuwa na jambo la kuongeza hapo, maana kosa lake moja ndilo lililompa mke.

Ilikuwa Jumanne ya tarehe 13 Februari 1973. Valvu ilikuwa imepasuka nyuma ya soko, mahali palipoandikwa (3, 8), yaani tembea tatu, panda nane. Marehemu alimwandikia mnyapara wa wachimbaji (8, 3). Mnyapara, mtu mtiifu, alienda moja kwa moja hadi (8, 3), napo palikuwa mbele ya mlango wa kidato cha pili katika shule ya wasichana. Akachimba na watu wake wanne tangu saa mbili mpaka saa saba. Bomba likawa kama maziwa ya kuku. Ndani ya darasa hilo kulikuwa na mwalimu wa hesabu, binti wa miaka ishirini na mitatu, ambaye alilazimika kuwatoa wasichana arobaini kwa kupitia dirishani. Alidai aletewe aliyeichora ramani ile. Akaletwa, mikono ina wino, anakanyaga matope kama anayepelekwa mahakamani.

Mwalimu aliitazama ramani, akalitazama shimo, akaona kosa kabla hajamaliza kuikunjua. Akamwingiza darasani kwa kupitia dirisha hilo hilo na kumpa chaki mbele ya wasichana wote.

"Kaka, kwenu mnaingilia darini au mlangoni?"

"Mlangoni, mwalimu."

"Basi tembea kwanza, ndipo upande. Andika mara kumi."

Aliandika mara kumi, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu mwenyewe, na mwalimu alikiri hivyo miaka mingi baadaye. Kesho yake alirudi na koleo akalifukia shimo peke yake, ingawa hakuna aliyemwagiza. Wiki iliyofuata alikuja kuangalia kama udongo umetulia. Wiki ya tatu pia. Udongo ulikuwa umetulia tangu siku ya pili, lakini yeye alikuja kuukagua kwa miezi mitatu, hadi mkuu wa shule akamwita mwalimu ofisini na kumwambia taratibu, "Mwanangu, shimo limejaa, ila mwenye shimo bado anakuja."

Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 1975. Mshenga alikuwa mnyapara yule yule, ambaye mpaka leo anadai kwamba barua ya posa aliipeleka yeye kwa jembe, mapema kuliko mshenga yeyote, na kwamba hajapewa shukrani inayostahili. Asante, mnyapara. Imeandikwa sasa, asiombe tena.

Na kwa kuwa maneno yanasafishwa, lisafishwe na hili: si kweli kwamba mkewe ndiye aliyemchorea ramani miaka yote ile. Hakuchora hata mstari mmoja. Alikagua, na kukagua si kuchora. Isitoshe, baada ya mwaka wa kwanza wa ndoa hakukuwa na la kukagua. Mwaka 1991 stoo ya ramani iliungua moto ikabaki majivu na makabati ya chuma. Mzee Mraba alikaa mezani kwake siku kumi na moja, akaandika kutoka kichwani nukta mia nne na kumi na mbili za valvu za mji. Mafundi walizifuata zote. Wakakosa mbili, na hizo mbili zilikuwa zimehamishwa bila yeye kuambiwa. Alistaafu tarehe 30 Juni 2009, na kwa muda mrefu baadaye mafundi vijana walikuwa wakibisha hodi nyumbani kuuliza, "Mzee, hapa chini pana nini?"

Nyumbani aliendeleza kazi kwa namna yake. Sakafu ya sebule ina vigae vya mraba, kumi kwa kumi na viwili. Pembe ya mlango ilikuwa sifuri. Watoto hawakuwahi kuambiwa "viatu vyako viko chini ya meza." Waliambiwa, "Viko saba, mbili." Zawadi ya siku ya kuzaliwa ilikuja kwanza kama orodha ya nukta, na mtoto alipoziunga kwenye karatasi alipata picha ya kitu alichofichiwa: jogoo, baiskeli, mara moja beseni, na mtoto wa beseni bado hajamsamehe. Mjukuu alipouliza namba hasi ziko wapi, alipelekwa nje ya mlango na kuonyeshwa baraza. Tangu hapo mgeni msumbufu akiondoka, babu alinong'ona kwamba amerudi kwenye hasi.

Mkwe wa kwanza alipokuja kujitambulisha mwaka 2001, aliambiwa aketi kwenye kiti kilichopo (3, 5). Kijana alikuwa na shahada na tai. Alipanda kwanza. Akaenda mpaka (5, 3), akaketi kwa heshima zote juu ya miwani ya mama mkwe. Marehemu alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu ni damu yetu," alisema. "Apewe mke." Mama mkwe aliulizia habari ya miwani. Hajajibiwa hadi leo.

Alhamisi ya tarehe 11 Januari 2024, akifunga kamba za viatu, marehemu alipata kiharusi. Mkono wa kulia, ule wa mistari bila rula, haukunyanyuka tena. Maneno yalibaki, ya polepole lakini yenye akili zake zote. Wodini hakukaa bure. Aliihesabu sakafu, akaifanya pembe ya mlango kuwa sifuri, na baada ya siku tatu wauguzi wote walikuwa wanasema lugha yake. "Wa nne, mbili hajala," akisema, nao walikwenda moja kwa moja kitandani.

Wiki ya mwisho alimwita muuguzi wa zamu ya mchana, huyu wa safu ya pili. Alimwambia ashike kalamu. "Binti yangu, andika ninavyosema, usinisahihishe," akasema. "Wa kunisahihisha yupo." Binti aliandika kila neno, hata hayo, juu kabisa ya karatasi. Iliwachukua alasiri mbili kufikisha nukta thelathini na nane. Kisha mzee akaomba iwekwe katika mfuko wa shati lake la nyumbani. Alifariki Jumamosi ya tarehe 2 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne, mkewe ameushika mkono wake wa kushoto.

Karatasi ilionwa na wengine kabla ya kumfikia mkewe, na hayo yaliyofuata yanajulikana. Jumatatu mchana alifunga mlango wa chumba, akachukua karatasi ya grafu, akaziweka nukta zote thelathini na nane kwa utaratibu, ya kwanza kutembea, ya pili kupanda. Picha ilikuja imelala ubavu, haieleweki, na kwa dakika chache, ni kweli, alidhani ugonjwa ulikuwa umemla mzee akili. Halafu akasoma tena maneno ya juu. Wa kunisahihisha yupo. Ndipo alipoelewa kwamba mtu aliyekumbuka valvu mia nne na kumi na mbili asingeweza kukosea thelathini na nane. Alikuwa amezigeuza zote, moja moja, kwa makusudi. Mwalimu alichukua karatasi nyingine, akasahihisha, na picha ikasimama wima.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa, dada mmoja, mnyapara mmoja, na mji ambao bado unachimba kwa kufuata mkono wake. Alale salama mahali ambapo, inaaminika, mtu huingilia mlangoni.

Kuhusu picha: wifi ameuliza, mnyapara ameuliza, wajukuu wameuliza mara mbili na kuahidi kunyamaza. Nukta ni thelathini na nane, zimeungwa zote, na picha ni mali ya mwalimu. Hasemi ni nini.