Ndovu Asipoonekana Siku Mbili

Jumatatu jioni, basi lilipotoka Upper Hill, Nyakio, mjane anayeishi peke yake, alisikiliza abiria wawili wa kiti cha mbele wakibishana. "Hizo hifadhi za jamii ni za kufurahisha watalii tu, bosi," alisema mwenye suti. "Wapi! Ardhi ni yetu," akajibu askari wa wanyamapori, bado amevaa sare. "Na ndovu tunawajua kwa majina. Yule mkubwa, Nasieku, asipoonekana siku mbili, kijiji kizima kinatoka kumtafuta." "Na mtu asipoonekana?" akauliza mwenye suti. Askari akapata ghafla kazi ya kunyoosha kofia yake. Nyakio alilingoja jibu kwa hamu kuliko hata aliyeuliza.

"Satellite kuna mtu?" kondakta akapaza sauti, akiulizia wa kushuka kituo hicho.

"Yuko," akasema Nyakio. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Ijumaa.