Aliyempa Ngiri Kope

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, Bibi Kope atarudisha ufunguo wa stoo ya michoro na kustaafu, baada ya kuitumikia studio yetu miaka thelathini na minane. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mbili: sisi wawili ndio tuliobaki kati ya walioanzisha katuni ya Ngiri Kinyozi, na kati yetu wawili mimi ndiye fundi wa maneno. Shule niliiacha mapema, lakini dunia nimeisoma yote.

Alipoingia tulimwita Dada Kope. Baadaye akawa Mama Kope, na vijana wa leo wamempandisha hadi Bibi bila barua ya cheo. Jina lilitokana na kazi. Wakati ule kila kitu kilichorwa kwa mkono juu ya karatasi za plastiki, na kila mtu alikuwa na kiungo chake: huyu miguu, yule meno, mwingine mkasi. Yeye alipewa macho. Mimi nilikuwa mtu wa milio, na ule mlio wa mkasi mliokua nao ninyi nyote ni vijiko viwili vya mama mkwe wangu.

Kwa wasiomjua Ngiri, kama wapo: ni kinyozi mwongo. Anamharibu mteja kichwa, mteja anauliza kulikoni, naye anasimama kimya, anapepesa macho mara mbili, kisha anatoa uongo wa kufunga mwaka. Kile kimya wasomi wamekiandikia makala ndefu. Ukweli ni kwamba wachoraji walikuwa sita, na hatukuwa na mikono ya kumtikisa mnyama mwili mzima. Tukamsimamisha, tukamwachia Dada Kope kazi ya kope tu. Dhiki ikazaa kicheko.

Kipindi kikaja kusimama miaka kumi na tisa. Wengine tulitawanyika, mimi nilizunguka nchi za watu nikapigia milio katuni ambazo hata lugha zake sikuzijua. Yeye alibaki akichora matangazo ya sabuni, na kila mwezi alishuka stoo kupangusa vumbi kwenye michoro ya Ngiri. Hakuna aliyemtuma.

Mwaka jana Ngiri akafufuliwa, safari hii kwa kompyuta. Sitaki kuwa mzee wa kulalamika: mengi yamekuwa mazuri. Mke wa Ngiri, ambaye zamani tulimpa ufagio tu, sasa ndiye mwenye duka, na mumewe ni mwajiriwa wake. Yule mteja mwenye kigugumizi tuliyezoea kumcheka hatukumfufua. Kuna walionung'unika, lakini Bibi Kope alisema mbele ya kikao kwamba macho ya yule mteja aliyachora yeye, na kila alipoyachora aliona haya. Rangi nazo, we acha tu.

Tatizo ni kwamba Ngiri hakutulia. Kompyuta haichoki, basi vijana walimtikisa masikio, mkia, nyusi, hata tumbo. Kope waliiachia mashine ipepese yenyewe kila baada ya sekunde tatu. Siku tulipotazama kwa mara ya kwanza, duka zima lilipepesa kwa pamoja: Ngiri, mkewe, mteja aliyekuwa amelala kitini, na picha ya marehemu baba yake Ngiri ukutani. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bibi Kope hakucheka.

Hakucheka kwa sababu wenye kituo cha televisheni walishatoa sharti: sehemu ya kwanza ionyeshwe mbele ya watoto mia mbili ukumbini. Wakichoka, Ngiri arudi stoo, na vijana kumi na sita waliomchora warudi makwao.

Akavuta kiti karibu na binti anayewasimamia wachoraji, akamwomba aondoe nyusi. Aondoe mkia. Aondoe tumbo. Binti alitetea kazi yake, na ulimi anao: "Bibi, mtoto wa leo hasubiri. Ukimsimamisha Ngiri sekunde tisa, yeye ameshahamia kwingine." Bibi akamuuliza, "Kwani mtoto wa leo kazaliwa na macho matatu?" Walibishana wiki nzima, chai ikipoa mezani, mpaka binti akakubali shingo upande.

Sekunde zile tisa zilikula siku kumi na moja. Kope ya kwanza ishuke haraka. Ya pili ikwame katikati, kama mtu aliyekumbuka kwamba hakufunga mlango. Bibi alichora kwa penseli, binti akaingiza kwenye kompyuta, Bibi akakataa, wakaanza upya.

Siku ya ukumbi nilikaa nyuma kabisa. Mteja akajitazama kwenye kioo, akauliza kulikoni. Ngiri akasimama. Nawaambieni, sekunde tisa ni ndefu kuliko ndoa yangu ya kwanza. Kope ikakwama, na mtoto mmoja wa mbele akainuka akapiga kelele, "Anatunga huyo! Anatunga uongo!" Ukumbi ukapasuka. Milio yangu haikusikika dakika nzima, na sikulalamika, jambo ambalo kwangu halijapata kutokea.

Ngiri akapona, vijana wakabaki kazini. Lakini Bibi Kope nilimwona hana raha, nikamuuliza. Akasema sehemu moja si kitu; ikifika Julai, nani atazishika kope?

Jibu lilikuja Jumatatu iliyopita. Binti alifungua sehemu ya sita, aliyoichora bila kumwita mtu. Bibi akakaa nyuma yake, akaitazama mara nane akitafuta kosa. Akakuta Ngiri anapepesa mara moja tu, kisha macho yanamkimbilia mkewe. Hilo sisi hatukuwahi kulifanya. Bibi akatoka nje, akanawa uso, akarudi, akamwomba binti amfundishe alivyofanya.

Bibi Kope, ahsante kwa kazi na kwa uvumilivu, hasa wa kuvumilia watu kama mimi. Afya ikukae mwilini, wajukuu wakuchoshe kwa mapenzi, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na nyepesi. Nenda salama, mwenzangu.