Kwaheri Mzee Kabati, Diski ya Koti la Mahameli

Baada ya miaka kumi na mmoja ya utumishi, bila likizo wala posho, Mzee Kabati anastaafu leo, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kwa wageni wasiomfahamu: ni diski iliyomo ndani ya kompyuta yetu ya mezani, pale sebuleni karibu na cherehani. Mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa kila kitu cha nyumba hii kiliishia kwake. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu eti hakuna aliyekaa naye zaidi kuliko mimi. Ni kweli. Shuleni nasoma kwa lugha moja, nyumbani naongea nyingine, na zote mbili hunikimbia nikitazamwa. Mzee Kabati hakuwahi kunitazama.

Aliajiriwa mwaka ule Mama alipoanza kushonea watu. Alitunza michoro ya mishono, picha za harusi, na vipimo vya viuno vilivyokua mwaka hadi mwaka bila yeye kumtangaza mtu. Alitunza hata nyimbo alizojirekodi Mjomba, na hakulalamika. Mvumilivu hula mbivu, lakini yeye alikula vumbi tu.

Heshima yake kubwa ilikuwa koti. Mama alichukua mahameli ya zambarau iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi, akaitia bitana, akalishonea boksi zima la kompyuta humo humo, likabaki tundu la kitufe na la waya. Wateja wakija kuchukua nguo walikuwa wanaisifu kompyuta kwanza.

Mwezi huu mzee alianza kukohoa. Mjomba, ambaye ni fundi wa mafriji, akaleta diski mpya ili tuhamishe kila kitu kabla hajatuzimikia. Michoro ya Mama ilitangulia, ikafika salama. Picha zikafuata. Halafu tukafika kwenye folda ya mwisho, kazi ikakwama: faili haisomeki. Tukarudia, ikakwama. Mjomba akabadilisha waya. Akauhamishia tundu la nyuma. Akaangalia kama diski mpya imejaa, akakuta ina nafasi ya kulaza ukoo mzima. Akazima, akawasha, akabembeleza. Wapi!

Folda yenyewe ilikuwa yangu, iliitwa Hesabu za Kidato cha Pili. Mjomba akasema basi iachwe, hesabu hizo hata mwenyewe hazililii. Mama akakubali. Kidole cha Mjomba kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Hapo sauti ikanitoka. Nikasema isiachwe. Wakauliza kwa nini. Nikalitazama zulia, nikakiri: humo hamna hesabu hata moja. Kwa muda mrefu nimekuwa nikirekodi matangazo ya mpira, ila si ya mpira, ni ya nyumba hii. Mjomba dhidi ya Vyombo Vichafu, kipindi cha pili. Mama dhidi ya Zipu ya Gauni la Jirani: "Mama na zipu, zipu na Mama, anapandisha, anapandishaaa... lo! Imegonga mwamba wa kiuno!" Ndipo mahali pekee ninapoongea bila kujikwaa. Diski ikifa, na mtangazaji huyo anakufa nayo.

Nilidhani nitachapwa. Mjomba alicheka mpaka akaiegemea kompyuta, kisha akauondoa mkono upesi. Akaweka mgongo wa kiganja juu ya koti, kama anayepima homa ya mtoto. Akasema maskini mzee wa watu, anachemka! Feni inavuta bitana badala ya hewa, na ukilivika hivyo hata friji litakupikia wali. Mama akajitetea kwamba kitu cha maana hakikai uchi mbele za wateja. Halafu akanitazama. Koti halikuwa na zipu wala kifungo, akachukua mkasi wake mwenyewe, akalipasua.

Tukamwacha mzee apoe, tukamwelekezea feni ya mezani, tukahamisha faili chache chache badala ya furushi zima. Zikavuka. Moja tu iligoma kabisa, maana ilikaa mahali palipokwisha kuharibika: ile ya Mama na zipu.

Mama amekataa kushindwa. Za Mjomba kazisikia zote, kacheka hadi machozi, yeye je? Amedai mechi ya marudiano, leo hii, mbele yenu. Jirani katoa gauni, limeshawekwa kwenye cherehani.

Mzee Kabati, asante kwa kunifichia sauti yangu hadi dakika ya mwisho. Tunakutakia ustaafu wa baridi, usio na vumbi wala bitana. Nanyi wageni, naombeni maji ya kunywa na msinikodolee macho sana. Mpira unaanza.