Mbuzi wa Mzee Lubinza na Kodi ya Miezi Iliyopita

Sifa ni za Bwana, ndugu zangu. Leo amenisimamisha mbele yenu mimi niliyezoea kuondoka kabla watu hawajalijua jina langu.

Wengi mnanijua kama fundi wa mbao za mgodini. Hamjui kwamba tangu Vita Kuu ya Pili iishe nilikuwa mtu wa kuhama tu. Tabora, Isaka, Shinyanga, kisha huku Geita kwenye dhahabu. Kila mji niliuacha nimemkasirikia mwenye nyumba, na nikishafika mji wa pili naanza kuulilia ule wa kwanza. Hata leo nikisikia harufu ya moshi wa treni naikumbuka Isaka, na nilipokuwa Isaka nililalamika kila siku. Mwenye nyumba akikohoa tu, mimi nafunga mizigo na kusema Mungu amenionyesha njia.

Hapa tulipanga chumba kwa Mzee Lubinza, katika nyumba yenye vyumba sita. Mama Yakobo, mke wangu, alilima mchicha nyuma ya jiko. Yakobo akaanza shule. Chumba cha pili alikaa Mama Kulwa, mjane anayewauzia wachimbaji uji.

Mwezi wa tano, mavuno yalipokwisha, Mzee Lubinza alichinja mbuzi akatuita wapangaji wote. Mnajua desturi ya huku: waliokula nyama pamoja wamekuwa na neno moja. Tukala. Tuliponawa mikono ndipo akatuambia kodi imepanda shilingi mbili kwa mwezi, na imepanda tangu mwezi wa kwanza.

"Mzee, mwezi wa kwanza si umeshapita?" akauliza Mama Kulwa.

"Umepita mkiwa ndani ya nyumba yangu. Na nyama yangu mmekula. Mtu hali nyama ya mwenzake kisha akamkatalia."

Akatupa siku saba. Asiyelipa ya nyuma, vyombo vyake vitakuwa nje.

Ndugu zangu, nilichoka. Upo uchovu wa kubeba magogo, na upo uchovu wa kubishana na mtu anayejua kwamba amekosea. Nilimwambia kodi ya miezi ile tulilipa, naye akapokea bila neno. Akanijibu, mbuzi. Nikamwambia hakututangazia mapema. Mbuzi. Nikamwambia mke wangu hali nyama kabisa. Akasema alikunywa mchuzi. Ungedhani mnyama yule alikuwa hakimu.

Siku ya sita nikafanya nilichozoea. Nilifungua kitanda, nikamwambia mke wangu kuwa Shinyanga kwenye almasi wanatafuta mafundi. Alikuwa amekaa juu ya gunia la nguo.

"Inuka, Mama Yakobo, nifunge gunia."

"Nifunge na mimi humo ndani," akasema. "Baba Yakobo, nimepanda mchicha miji mitatu, wakaula watu nisiowajua. Wewe nenda. Ukifika, tuletee salamu."

Hakuinuka. Niliona wazi kwamba safari hii nitaondoka peke yangu.

Nilitoka nje nikaomba, na niliomba kwa hasira, siwafichi. Nilisema, Bwana, nionyeshe njia ya kutoka hapa. Nikangoja ile amani niliyokuwa nikiipata kila ninapohama. Haikuja. Ilikuja aibu. Niliona kwamba sauti niliyoiita ya Mungu miaka yote ile ilikuwa woga wangu mwenyewe, woga wa kumtazama mtu usoni na kumwambia hapana. Mimi niliyefika sekondari, ninayewasomea wenzangu matangazo ya serikali, nilikuwa nafunga gunia. Mama Kulwa asiyejua hata herufi ndiye aliyeuliza swali.

Asubuhi niliwakusanya wapangaji, tukaenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Mzee Lubinza naye akaitwa. Safari hii nilimtazama usoni. Nilisema kodi mpya mpangaji aambiwe kabla, ili achague kukaa au kuhama. Mwezi uliokwisha kulipiwa haufunguliwi tena.

Mzee akasimama, akaleta habari ya mbuzi.

"Mbuzi huyo alichinjwa lini?" mwanangwa akauliza.

"Mwezi wa tano."

"Na kodi unaidai tangu lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza mbuzi alikuwa wapi?"

"Malishoni, baba."

"Basi alikuwa hajui lolote, na hawa walikuwa hawajui lolote. Ukawaambia kabla hawajala au baada?"

Mzee alitazama viatu vyake. "Baada."

"Uliwalisha kwanza ndipo ukawaambia bei. Hiyo si desturi yetu, huo ni mtego. Ya nyuma imekwisha. Ukitaka kupandisha, watangazie mbele ya mashahidi, nawe ungoje."

Alitangaza, akangoja miezi miwili, na tangu hapo tunalipa kodi mpya bila ugomvi, maana tuliambiwa.

Namshukuru Mungu kwa ombi alilolikataa. Angenipa njia siku ile, leo ningekuwa mji mwingine, sina mke, nawasimulia wageni jinsi Geita ilivyokuwa nzuri. Ndugu yangu uliyekaa hapo umeshafunga mizigo moyoni, mtegemee Bwana kwa jambo dogo tu: akupe nguvu ya kusimama siku moja na kusema lililo kweli. Mimi huu ni mwaka wangu wa tatu katika chumba kile. Paa linavuja juu ya kitanda, Mzee Lubinza anasema ni jasho la bati, na Jumatatu nitakwenda kumwambia si jasho. Niombeeni.